Kituo cha Runinga cha Kikristo Kinachoishi kwa Watazamaji: Mwongozo Kamili wa Kupata Wachangiaji wa Kila Mwezi

Kosa ni lilelile kila ninapoitwa kusaidia kituo. Kituo kidogo cha mkoani kinakaribia kukatiwa matangazo kwa deni. Mkurugenzi, ambaye mara nyingi ndiye mchungaji, anaingia hewani usiku na kuomba mamilioni. Watu wanaguswa, simu zinaita mpaka saa 6 usiku, ahadi zinajaa kurasa tatu za daftari. Baada ya siku 30 kilichoingia hakifiki hata robo, na kituo kinarudi palepale na sauti iliyokauka.

Tatizo si ugumu wa mioyo ya watazamaji. Aliyetoa elfu tano hakupata neno lolote. Aliyetaka kutoa aliona jina asilolijua kwenye simu akaghairi. Aliyeahidi hakukumbushwa. Pesa hupotea katika nyufa hizo tatu, na hatua zilizo hapa chini zinaziziba moja baada ya nyingine. Mifano mingi ni ya Tanzania. Walio Kenya na walio na watazamaji nje ya nchi nimewawekea sehemu yao mbele.

## Andaa haya kwanza

Usiseme neno "mchango" hewani kabla hujawa na vitu hivi vyote:

- Akaunti ya benki kwa jina la kituo, yenye watia saini wasiopungua wawili, na wasiwe mume na mke.
- Namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kituo. Namba binafsi ya mtu haifai.
- Simu moja ya kituo na laini yake, isiyolala nyumbani kwa mtu.
- Daftari gumu au jedwali la kompyuta la kuandikia wachangiaji.
- Huduma ya SMS za jumla inayoonyesha jina la kituo kama mtumaji.
- Mtu mmoja wa kupokea simu na kuandika. Mama mstaafu aliyewahi kuwa karani au mwalimu hufaa kuliko kijana wa mitambo.
- Kamati ya watu watano, wawili kati yao wasiwe waajiriwa wa kituo.
- Bajeti ya mwezi kwenye karatasi moja.

Leseni ya maudhui kutoka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nachukulia unayo na haijaisha. Kama imeisha, anza na hiyo. Kuchangisha watu kwa ajili ya kituo kinachoweza kuzimwa kesho ni kuwadanganya.

## Hatua ya 1: Jua saa moja ya hewani inagharimu kiasi gani

Mtazamaji hawezi kushika kichwani "gharama za uendeshaji". Saa moja anaielewa, kwa hiyo geuza bajeti yako iwe saa.

Tuchukue mfano wa kituo kinachorusha kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, yaani saa 16 kwa siku, saa 480 kwa mwezi wa siku 30. Bajeti yake ya mwezi ni hii:

- Mishahara na posho: TSh 2,700,000
- Ada ya kubebwa kwenye king'amuzi au kebo: TSh 1,800,000
- Umeme na mafuta ya jenereta: TSh 750,000
- Pango: TSh 600,000
- Usafiri na matengenezo: TSh 600,000
- Akiba ya leseni, mirabaha na kodi: TSh 400,000
- Intaneti na simu: TSh 350,000

Jumla ni TSh 7,200,000. Gawanya kwa 480, unapata TSh 15,000 kwa saa. Elfu tano inalipia dakika 20. Buku jero, yaani 1,500, inalipia dakika 6, na dakika sita zinatosha wimbo mmoja wa kwaya na salamu.

Weka takwimu zako mwenyewe, na usipunguze ili uonekane mnyenyekevu. Kituo kimoja kilificha mishahara kikidhani watu watakwazika. Mwaka uliofuata mpiga picha alipoacha kazi kwa kutolipwa, hakukuwa na namna ya kuwaeleza watazamaji kwa nini picha zinatetemeka.

Utajua umefaulu pale kila mfanyakazi, hadi mlinzi, atakapoweza kujibu swali la "saa moja ni shilingi ngapi?" bila kuangalia karatasi.

## Hatua ya 2: Chagua gharama moja tu ya kuanzia

Usiombe milioni saba. Chukua mstari mmoja wa bajeti na uupe jina, kwa mfano Mfuko wa Umeme. Mimi huanza na umeme na mafuta, na nina sababu mbili. Kwanza, kila mtazamaji ananunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hivyo haihitaji maelezo. Pili, ushahidi wake unaonekana: unaonyesha risiti kwenye kioo, na watu wanaona taa inawaka.

Katika mfano wetu, TSh 750,000 ni watu 150 wanaotoa elfu tano kwa mwezi. Watu 150 unaweza kuwajua kwa majina. Ukiwashika hao kwa miezi sita mfululizo, ongeza intaneti na simu, kisha pango. Mishahara na ada ya king'amuzi vije mwisho, mfumo ukishazoeleka.

Kuna viongozi watakaoona hili ni dogo mno kwa kituo chenye deni la mamilioni. Waambie deni litafutiwe njia nyingine: wafadhili wachache wanaoitwa ofisini, au kanisa mama. Mtu wa elfu tano hapendi kulipia makosa ya zamani ya watu asiowajua. Anapenda kulipia kipindi atakachokitazama kesho jioni.

## Hatua ya 3: Namba ya malipo na jina linalotokea

Hapa ndipo pesa nyingi hufia, tena kimyakimya.

Sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtanzania amejifunza kusoma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Akikuta jina la mtu binafsi, hata kama ni la mchungaji wake, moyo unasita. Akikuta jina la duka ambalo mkurugenzi alilisajili zamani, anafuta kabisa.

Fanya hivi:

1. Nenda kwa wakala mkuu au duka la mtandao wa simu ukiwa na hati za usajili wa kituo, TIN (namba ya mlipakodi) na vitambulisho vya taifa vya NIDA vya wahusika. Omba namba ya malipo kwa jina la kituo.
2. Uliza tofauti ya aina mbili za namba. Lipa namba ya kawaida inapokea pesa tu. Namba ya kampuni humruhusu mlipaji kuandika pia namba ya kumbukumbu. Hiyo ya pili ni bora kwako, maana kila mchangiaji atakuwa na namba yake na hutahangaika kujua nani katoa.
3. Pesa zikiingia kwenye namba hiyo, ziende benki kila wiki. Asiwepo mtu wa kuzitoa mkononi kwa ajili ya "dharura ya mafuta".
4. Jaribu mwenyewe. Tuma TSh 1,000 kutoka M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa. Andika kila mtandao unapitia menyu ipi, makato ni kiasi gani, na jina gani linatokea.

Jambo hili la nne, la kujaribu mwenyewe, hurukwa na karibu kila mtu. Maelekezo ya mtu anayelipa kutoka mtandao mwingine hayafanani na ya mwenye mtandao wenu. Mkionyesha njia moja tu kwenye kioo, wengine wote mmewafungia mlango.

Onyo: namba ikishatangazwa, isibadilishwe kwa SMS hata siku moja. Tangazeni hewani mara kwa mara: "Hatutakutumia namba mpya kwa ujumbe wala kukupigia kukupa namba nyingine." Matapeli hukifuata kituo pale tu kinapoanza kupokea.

Utajua umefaulu pale mama wa miaka 60 asiyefanya kazi kituoni atakapolipa kwa kusoma maelekezo ya kwenye kioo peke yake, bila kuuliza. Mtafute, mkalishe mbele ya runinga, umtazame akifanya. Anapokwama, andika upya.

## Hatua ya 4: Daftari la wachangiaji

Safu saba zinatosha: namba ya mchangiaji, jina, simu, mahali anapoishi, kiasi alichokusudia, lini atatoa, na alichotoa kila mwezi.

Safu ya "lini atatoa" ndiyo yenye akili. Mwalimu na muuguzi hupata mshahara mwisho wa mwezi. Bodaboda na mama ntilie wana pesa kila siku, lakini kidogo kidogo. Mia tano kila Jumatatu kwao ni rahisi kuliko elfu mbili tarehe 30. Mkulima wa pamba wa Simiyu hana kitu mwezi Februari, hata umwombee vipi. Msimu wa kuuza hufunguliwa Mei. Wa korosho kule Mtwara na Lindi anasubiri minada ya kuanzia Oktoba. Mkulima akitoa elfu sitini mara moja baada ya mauzo, huyo ni mchangiaji wa elfu tano kwa mwezi. Mwandike hivyo na usimsumbue miezi mingine.

Usivisahau vikundi. Kikoba cha kina mama 30, kila mmoja akiweka mia tano siku ya kukutana, kimelipia saa nzima. Kipe kikundi saa yake kwa jina, na watakuja studio na sare.

Tahadhari ya kisheria: majina, simu na kiasi anachotoa mtu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Muulize kila mtu kama anaridhia jina lake litajwe hewani. Kuna anayetoa kwa siri kwa sababu mwenzi wake ni wa dhehebu lingine. Kuna Mwislamu jirani anayependa kipindi chenu cha malezi na angependa ibaki siri yake. Daftari lifungiwe kabatini, na kama ni la kompyuta liwe na nywila.

## Hatua ya 5: Maneno ya kuomba

Ombi lisizidi sekunde 90. Lisemwe na mtangazaji ambaye watu wamemzoea, katikati ya kipindi kizuri, wakati watazamaji wamekaa. Likiwekwa mwisho wa kipindi, watakuwa wameshahamia taarifa ya habari ya saa 2 usiku.

Mfano ninaoupenda:

"Mama, baba, wewe uliyeketi nasi jioni hii. Kituo hiki kuwa hewani saa moja kunagharimu shilingi elfu kumi na tano. Mwezi huu tunawaomba mtusaidie umeme tu. Elfu tano inatubeba dakika ishirini. Fungua menyu ya kulipa, weka namba unayoiona hapo chini, na kabla hujaweka namba yako ya siri hakikisha umeona jina la kituo. Kama mwezi huu mambo yamebana, endelea kutazama kwa amani. Hatukudai."

Sentensi ya mwisho viongozi wengi hutaka kuifuta. Iacheni. Mtu akijua hadaiwi, haoni aibu kuendelea kutazama, na mwezi ujao anaweza kutoa. Akiaibishwa anahama chaneli.

Usiahidi gari, ndoa, visa wala uponyaji kwa kiasi cha pesa. Usitaje laana. Naongea kama Mkristo na pia kama mtu wa hesabu: anayetoa ili apate gari atatoa mara moja, na gari lisipokuja atakwenda kuwaambia wengine. Usitumie pia picha za wagonjwa au yatima kama pesa inaenda kununua dizeli.

## Hatua ya 6: Juma la changizo, mara mbili kwa mwaka

Ombi fupi la kila siku hulinda waliopo. Wapya hupatikana katika juma maalumu. Radio Maria Tanzania, ambayo haiuzi matangazo ya biashara na inaishi kwa michango ya wasikilizaji pamoja na kazi ya wanaojitolea, ina kampeni yake ya kila mwaka iitwayo Mariathon. Ni redio, lakini kuna la kuiga: kuomba kwa nguvu kuna majira yake, na majira hayo yakipita watu wanarudi kusikiliza vipindi.

Chagua siku kwa mujibu wa mifuko ya watu wako. Januari iache, ni mwezi wa ada na sare za shule. Tarehe 25 hadi 5 ya mwezi unaofuata huwafaa wenye mishahara. Kwa mikoa ya wakulima, ngoja mauzo yaanze.

Mpangilio wa jioni moja, saa 1 hadi saa 3 usiku:

- Dakika 10 za ushuhuda wa mtazamaji: kipindi gani kilimsaidia, na kivipi. Umrekodi mapema na uukate. Ushuhuda wa moja kwa moja hauna breki.
- Dakika 5 za kuonyesha nyuma ya pazia: jenereta, mpiga picha, mita ya umeme. Watu hupenda sana sehemu hii.
- Ombi la sekunde 90.
- Wimbo wa kwaya ya eneo lenu, huku namba ikiwa kwenye kioo.
- Taarifa ya kilichofikiwa, kisha mzunguko unaanza upya na kwaya nyingine.

Kwaya ikialikwa, wanakwaya 40 huwaambia ndugu zao wote wawashe runinga. Hilo ni tangazo la bure.

Weka simu mbili za kupokea, na anayepokea asiishie kwenye "asante, Mungu akubariki". Ajaze safu zote saba za daftari. Jaza mafuta ya jenereta kabla ya saa 11 jioni, na fanya zoezi zima siku moja kabla bila kurusha.

Kuhusu ahadi, mimi huhesabu nusu. Zikiahidiwa 300,000 napanga matumizi ya 150,000. Ikija zaidi, ni akiba ya dizeli.

## Hatua ya 7: Shukrani ndani ya saa 24

Kama utafanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii.

Ujumbe wa mtandao wa simu unamwambia mchangiaji kuwa pesa imetoka kwake. Hausemi kama kuna mtu aliyeiona. Siku hiyohiyo au kesho yake apate SMS yenye jina lake, isiyozidi herufi 160 ili isikatwe kuwa mbili:

"Mama Neema, tumepokea TSh 5,000 leo. Umetulipia dakika 20 za hewani. Risiti yako na. 0147. Asante sana. Maswali: piga simu ya kituo."

Anayetoa mara ya kwanza apigiwe simu pia, dakika mbili tu. Mpigaji asiombe chochote. Aulize anatazama kipindi gani, na picha inafika vizuri kwao. Utajifunza mambo ambayo hakuna fundi atakayekuambia, kwa mfano kwamba kuna kata nzima isiyowapata kila mvua ikinyesha.

Utajua umefaulu pale watu watakapoanza kupiga wenyewe kuuliza kwa nini risiti imechelewa. Wakilalamika hivyo, furahi.

## Hatua ya 8: Ripoti ya mwezi kwenye kioo

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, dakika tano, muda uleule. Mweka hazina asome: tuliomba kiasi gani, kimeingia kiasi gani kutoka kwa watu wangapi, kimetumikaje, kimebaki nini. Risiti za LUKU na za kituo cha mafuta zionekane.

Pesa ikipungua, sema imepungua. Kama mlizima matangazo siku mbili kwa kukosa mafuta, liseme hilo nalo. Watazamaji walikwishaliona giza. Wanachosubiri ni kusikia kama mtaficha.

Fedha za kanisa na za kituo zisichanganywe. Siku kanisa litakapokopa "kidogo" kutoka Mfuko wa Umeme kwa ajili ya mkutano wa injili, ripoti yako itakuwa na pengo, na wale wajumbe wawili wa nje kwenye kamati ndio watakaokuuliza. Kazi yao ni hiyo.

## Kwa walio Kenya, na watazamaji wa ughaibuni

Kenya tofauti ni Paybill na Till, aina mbili za namba za kulipia kwa M-Pesa. Paybill ina nafasi ya kuandika namba ya akaunti, Till haina. Chukua Paybill, na nafasi hiyo iwe ya namba ya mchangiaji. Wakati wa kusajili, uliza ni nani atakayebeba makato kati ya mlipaji na kituo, kwa sababu kuna mipango tofauti. Kwa anayetoa shilingi 100, makato yakimwangukia yeye yanaumiza.

Wanaowatazama mtandaoni kutoka Muscat, London au Minnesota hawawezi kutumia menyu hizi. Wape namba ya akaunti ya benki, jina kamili la akaunti na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yenu kimataifa, na waeleze kuwa ada ya kutuma inameza kiasi kidogo. Waombe watume mara moja kwa miezi mitatu au sita. Wasiambiwe watume kwa simu ya mchungaji "ili iwe haraka", maana hapo mmerudi kwenye kosa la hatua ya 3.

## Hatua ya 9: Waliokatika

Mwisho wa kila mwezi pitia daftari. Aliyekosa mwezi mmoja, mwache. Aliyekosa miwili, mtumie ujumbe wa kumjulia hali usiotaja pesa. Aliyekosa mitatu, apigiwe simu.

Wachache sana utakuta wamekasirika. Mmoja amebadilisha laini, mwingine simu iliibwa na namba ya malipo ikaenda nayo, wa tatu ameuguza. King'amuzi cha wa nne kimeisha kifurushi na anadhani mmefungwa. Wengine walilipa, ila waliandika namba ya kumbukumbu vibaya, na pesa yao imekaa kwenye akaunti yenu bila jina kwa miezi mitatu bila shukrani. Hao watafute kwanza.

Simu yenyewe iende hivi:

"Shikamoo mama, napiga kutoka kituoni. Habari za nyumbani? Tulizoea kuliona jina lako, tukasema tukujulie hali. … Pole sana. Na mjukuu anaendeleaje? … Sawa mama, tutamwombea kwenye kipindi cha asubuhi, kama unaridhia tutaje jina lake."

Andika alichosema kwenye daftari, kisha piga namba inayofuata.